Aliyeshinda Kesi Hana Cha Kusafishwa

Kila mahakama inapomwachia mtu ambaye mtaa mzima ulishamfunga, kuna sentensi moja haikosekani. Utaisikia kijiweni kwenye kahawa, utaisikia redioni asubuhi, utaisoma kwenye safu za maoni: "Mahakama haikusema hana hatia. Imesema tu ushahidi haukutosha." Msemaji huitoa taratibu, kwa madaha ya mtu anayewafumbua macho wenzake, na wenzake hutikisa vichwa. Kesi inakuwa imehukumiwa upya papo hapo, bila shahidi wala wakili, na aliyeshinda anarudishwa kizimbani.

Sentensi hiyo imezoeleka hivi kwamba hata watu wa heshima zao, wahariri, wachungaji, masheikh na wakuu wa idara, huitumia wakiamini wanasema jambo la kisheria. Nashikilia kwamba si la kisheria hata chembe. Ni hukumu ya mtaani iliyoazima joho la jaji. Tena imepata nguvu kwa sababu sisi tunaoandika na kutangaza kwa Kiswahili tumezembea na maneno: kila anayetoka mahakamani kwa miguu yake tunamwita "ameachiwa huru", kisha tunashangaa wasomaji wakishindwa kumtenga aliyeshinda na aliyesamehewa.

Tuanze na sheria yenyewe. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, ibara ya 13(6)(b), inapiga marufuku kumtendea mshtakiwa kama mwenye kosa mpaka ithibitike kwamba anayo hatia. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 50(2)(a), inampa kila mshtakiwa haki ya kuhesabiwa kuwa hana hatia mpaka kinyume chake kithibitishwe. Ukizisoma ibara hizo kwa utulivu utaona kwamba hakimu hana mamlaka ya kumgawia mtu kutokuwa na hatia. Mtu anaingia mahakamani akiwa hivyo. Kazi ya upande wa mashtaka ni kuibadili hali hiyo kwa ushahidi usioacha shaka ya msingi. Ukishindwa, hakuna kilichobadilika. Aliyekuwa hana hatia asubuhi, jioni bado hana hatia, na hahitaji hati ya kumrudishia kitu ambacho hakikuwahi kumtoka.

Chukua mfano wa deni. Mtu anakupeleka mbele ya baraza la kata akidai laki tano. Anaulizwa hati, hana. Anaulizwa shahidi, analeta wawili wanaogongana wao kwa wao, mmoja anasema ulikopa Ijumaa dukani, mwingine anasema Jumatatu msikitini. Baraza linatupa dai. Ukitoka hapo unadaiwa shilingi ngapi? Hakuna mzee mwenye akili timamu atakayekufuata njiani kukwambia, "Baraza halikusema hudaiwi, limesema tu hati haikuonekana." Tutamcheka. Lakini dai likiwa la wizi au la rushwa, maneno hayo hayo tunayaita hekima.

Wenye hoja hiyo wanachanganya vitu viwili ambavyo kila hukumu inavyo: sababu na uamuzi. Hakimu anaposema upande wa mashtaka umeshindwa kuthibitisha shtaka, hapo anatoa sababu. Uamuzi unafuata, na uamuzi ni kwamba mshtakiwa hana hatia. Mahakama za Mwanzo za Tanzania, ambazo kwa miongo mingi zimeendesha kesi na kuandika hukumu kwa Kiswahili, hazijawahi kuwa na aina ya tatu ya uamuzi katikati ya kuwa na hatia na kutokuwa nayo. Wala Mahakama Kuu haina. Wala Kenya haina.

Nchi iliyokuwa na aina ya tatu ni Scotland. Kwa karne kadhaa mahakama za huko ziliweza kutamka kwamba kosa "halikuthibitika", uamuzi uliomwachia mshtakiwa huku ukimtupia jicho la pembeni. Waathirika wa uhalifu waliuchukia kwa kuwa haukuwapa jibu. Walioshtakiwa waliuchukia kwa kuwa uliwaacha na doa. Mwaka 2025 Bunge la Scotland likapitisha sheria ya kuufuta. Kwa hiyo wanaotwambia "haikuthibitika tu" wanatuletea kwa mlango wa nyuma kitu ambacho sheria zetu hazikuwahi kukipokea, na ambacho wenyewe waliokibuni wamekichoka.

Mpaka hapa msomaji mjuzi atanikatiza: "Lakini ndugu mwandishi, wako wanaoachiwa ambao kweli mahakama haijasema lolote juu yao." Kweli kabisa, na hapo ndipo penye utamu wa jambo hili. Wapo. Tatizo ni kwamba anayetumia hoja hiyo humtupia mtu asiyestahili na kumsahau anayestahili.

Hebu tuangalie njia mbalimbali za mtu kutoka mahakamani. Anaweza kutoka kwa dhamana, kesi ikiendelea. Anaweza kutoka kwa sababu upelelezi haujakamilika na hakimu amechoka kuahirisha. Anaweza kutoka kwa sababu Mkurugenzi wa Mashtaka amesema hana nia ya kuendelea na shauri. Anaweza kutoka kwa sababu mashahidi wa Jamhuri, yaani wa upande wa mashtaka, wameisha na mahakama ikaona hana kesi ya kujibu. Anaweza kujitetea mpaka mwisho akaonekana hana hatia. Anaweza kufungwa, akakata rufaa, hukumu ikatenguliwa. Anaweza kutiwa hatiani kabisa, lakini badala ya kufungwa akaachiwa kwa sharti la kutotenda kosa kwa miezi 12. Anaweza kupata msamaha wa Rais. Na anaweza kumaliza kifungo chake na kwenda nyumbani.

Fungua gazeti lolote la Kiswahili na uangalie. Karibu wote hao wanapewa kichwa cha habari kimoja: "Aachiwa huru". Yule aliyetiwa hatiani na kupewa sharti la mwaka mmoja anaandikwa "aachiwa huru kwa masharti", na msomaji anayepita haraka anaona neno "huru" tu, wakati mtu huyo ana kosa lililothibitishwa na limeandikwa kwenye jalada lake. Jirani yake aliyeonekana hana kesi ya kujibu anaandikwa vilevile. Maneno yanapofanana, watu hudhani na mambo yanafanana, na kwa kuwa wameshaona wengi "walioachiwa huru" wakikamatwa tena wiki inayofuata, wamejifunza kutoliamini neno lenyewe.

Na wamekuwa wakikamatwa kweli, tena palepale. Aliyewahi kukaa kwenye benchi la nyuma katika Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, siku ya kufutwa kwa kesi anaijua picha hiyo. Wakili wa Serikali anasimama, anasema Mkurugenzi wa Mashtaka hana nia ya kuendelea na shauri. Hakimu anaandika, anatamka kwamba mshtakiwa ameachiliwa. Mke na wadogo zake wanainuka. Mlangoni wamesimama wanaume wawili wenye mashati ya kawaida, na kabla mtu hajafika kwenye ngazi ameshashikwa mkono. Mchana anasomewa shtaka lilelile lenye namba mpya. Hata amri ya kumwachia aliyeshinda kabisa huwa na mkia wake: atoke mara moja, isipokuwa kama anashikiliwa kwa sababu nyingine halali. Mkia huo ni wa maana, na habari zetu huukata.

Mamlaka hayo ya Mkurugenzi wa Mashtaka, ambayo kwa miaka mingi mawakili wa Tanzania waliyaita kwa namba ya kifungu chake, 91, yanamruhusu kuifuta kesi hatua yoyote kabla ya hukumu, na kufuta huko peke yake hakuzuii kufungua upya. Machi 4, 2022, mwanasiasa wa upinzani Freeman Mbowe na wenzake watatu walitoka kwa njia hiyo katika kesi ya tuhuma za ugaidi. Wiki mbili nyuma, Februari 18, Mahakama Kuu ilikuwa imesema wana kesi ya kujibu. Mashahidi wa Jamhuri walikuwa wameshamaliza, zamu ilikuwa ya utetezi, na utetezi haukusikilizwa. Masheikh wa Uamsho kutoka Zanzibar walitoka Juni 2021, nao kwa kufutiwa mashtaka, baada ya miaka mingi rumande. Katika kesi zote mbili, mahakama haikupata nafasi ya kutamka kama washtakiwa wana hatia au hawana.

Sasa tazama upande wa pili wa mpaka wa Namanga. Katiba ya Kenya, ibara ya 157(7), inasema mashtaka yakiondolewa baada ya upande wa mashtaka kufunga ushahidi wake, mshtakiwa ahesabiwe ameshinda. Anayefutiwa kesi katika hatua kama ile ya Mbowe akiwa Nairobi anatoka akiwa na uamuzi mkononi. Akiwa Dar es Salaam anatoka na mlango ulioachwa wazi nyuma yake. Tofauti hiyo ni kubwa, inahusu uhuru wa raia, na ingefaa kujadiliwa na kila Bunge. Haiwezi kujadiliwa kwa neno moja "ameachiwa" linalofunika nchi zote mbili na hali zote mbili.

Hata hivyo, sikubali kwamba aliyefutiwa kesi ni "nusu mwenye hatia". Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba ya Tanzania haikusema mtu atendewe kama asiye na kosa iwapo tu ameshinda. Imesema mpaka ithibitike. Kwa aliyefutiwa kesi haikuthibitika, kwa hiyo yuko pale alipokuwa kabla hajakamatwa. Alichokosa ni kinga ya kutoshtakiwa tena, na kosa la kumnyima kinga hiyo si lake. Ni la aliyefungua kesi asiyoweza kuimaliza.

Kati ya njia zote nilizotaja, anayebaki na hatia yake ni aliyetiwa hatiani na hukumu hiyo haijatenguliwa: aliyemaliza kifungo, aliyeachiwa kwa sharti na aliyesamehewa. Na hapa ndipo fikra za mtaani zinapogeuka miguu juu kichwa chini. Desemba 9, 2017, katika sherehe za Uhuru mjini Dodoma, Rais John Magufuli alitangaza kuwasamehe wanamuziki Nguza Viking, maarufu Babu Seya, na mwanawe Johnson, Papii Kocha. Walikuwa wamehukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2004 kwa makosa ya kingono dhidi ya watoto, na mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikabakiza hukumu yao huku ikiwaachia wanawe wengine wawili. Tangazo la msamaha lilipokewa kwa shangwe. Watu wengi walizungumza kana kwamba msamaha umesema hawakufanya. Msamaha hausemi hivyo. Unaondoa adhabu na hauigusi hatia.

Linganisha na hao wawili walioshinda rufaa mwaka 2010. Mahakama ya juu kuliko zote nchini ilitengua hukumu iliyokuwa juu yao. Kwa mizani ya sheria, hao ndio waliotoka wakiwa hawana hatia. Ni nani aliyewapigia ngoma?

Kesi hiyo ina fundo jingine linaloonyesha jinsi maneno yanavyotakiwa kushikwa kwa uangalifu. Machi 23, 2018, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Arusha, iliamua kwamba haki ya Babu Seya na mwanawe ya kusikilizwa ipasavyo ilikuwa imevunjwa katika kesi yao. Uamuzi huo ni mzito. Lakini kusema kesi ya mtu haikuendeshwa kwa haki ni tofauti na kusema hakutenda, na mahakama hiyo haikuwatangaza kuwa hawana hatia. Anayetaka kuizungumzia kesi hiyo kwa uadilifu ana maneno matatu ya kuyabeba pamoja: walitiwa hatiani, walisamehewa, na kesi yao ilikuwa na kasoro ya haki. Ukiangusha moja, umedanganya.

Kukiri nako kumeleta mkanganyiko wake. Mwaka 2019 Tanzania iliingiza katika sheria makubaliano ya kukiri kosa, na mwezi Septemba mwaka huo Rais akawaalika waliokuwa rumande kwa makosa ya uhujumu uchumi wakiri na kurudisha fedha ili watoke. Shtaka la utakatishaji fedha halikuwa na dhamana. Kwa hiyo mtu alikuwa na chaguo la ajabu: aseme ni kweli, alipe, alale nyumbani, au aseme si kweli, abaki ndani akisubiri upelelezi usiojulikana utaisha lini. Aliyekiri alitoka kwanza akiwa na hatia. Aliyekana alibaki gerezani akiwa hana. Kisha sisi tukatazama nani yuko nje na nani yuko ndani, tukadhani tumejua nani msafi na nani mchafu.

Wakenya nao wana darasa lao. Aprili 5, 2016, majaji wawili kati ya watatu wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai waliifuta kesi dhidi ya William Ruto, wakati huo Naibu Rais, na mtangazaji wa redio Joshua arap Sang, iliyotokana na ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007. Waliandika bayana kwamba uamuzi huo si wa kuwaona hawana hatia na kwamba hauzuii mashtaka mapya siku za usoni. Jaji Chile Eboe-Osuji alieleza kwamba kesi imeharibiwa na kuchezewa kwa mashahidi na kuingiliwa kisiasa. Siku chache baadaye, Aprili 16, Uwanja wa Afraha mjini Nakuru ulijaa watu waliokuja kwenye mkutano wa shukrani. Wafuasi walisema viongozi wao wameoshwa. Wapinzani walisema wana hatia, wameponea chupuchupu. Pande zote mbili zilikosea. Hakuna mshtakiwa aliyekutwa na hatia, kwa hiyo hakuna mwenye haki ya kumwita yeyote kati yao muuaji. Na hakuna aliyeshinda kesi, kwa hiyo hakuna mwenye haki ya kusema majaji wamemtakasa. Mashtaka yalifutwa. Sentensi hiyo fupi ndiyo iliyokuwa kweli, na kwa kuwa haikumpa mtu raha ya kushinda wala ya kulaani, haikupendwa.

Wakongomani walipata mfano mgumu zaidi katika mahakama hiyohiyo. Mwanasiasa wao Jean-Pierre Bemba alitiwa hatiani mwaka 2016 kwa uhalifu wa kivita na uhalifu dhidi ya binadamu uliotendwa na wapiganaji wake Jamhuri ya Afrika ya Kati, akahukumiwa miaka 18. Juni 8, 2018, jopo la rufaa likatengua, baada ya yeye kukaa kizuizini miaka 10. Hapo alionekana hana hatia. Katika kesi nyingine tofauti, ya kuwahonga mashahidi, alionekana anayo. Mtu mmoja, mahakama moja, majibu mawili. Anayemjumlisha kwa neno moja, liwe "msafi" au "mhalifu", anatupa nusu ya ukweli ili sentensi yake iwe nyepesi.

Sasa nije kwenye hoja nzito ya wapinzani wangu, maana wanayo. Wanasema: nchi zetu si peponi. Majalada hupotea. Mashahidi hununuliwa au hutishwa. Mpelelezi huharibu ushahidi kwa makusudi ili tajiri atoke. Mtoto aliyebakwa hushindwa kusimulia mbele ya watu wazima wanaomkodolea macho, na aliyemharibu hutoka akitabasamu. Wanauliza: hata hapo tuseme hana hatia?

Nakubali mambo hayo hutokea. Nakubali pia kwamba mahakama inaweza kumwachia mtu aliyetenda, kwa sababu mahakama huona kilicholetwa mbele yake tu. Lakini fuata mantiki mpaka mwisho. Kama tatizo ni mpelelezi aliyeuza jalada, sentensi yetu ya kijiweni inamgusaje mpelelezi? Haimgusi. Anaendelea na kazi, anapandishwa cheo. Kama tatizo ni shahidi aliyenunuliwa, ina msaada gani kumnong'ona mshtakiwa na kumwacha mnunuzi na muuzaji? Hoja hii inajiita ya kupigania haki, kumbe inawapumzisha wote waliotakiwa kuwajibika. Badala ya kuuliza kwa nini Jamhuri imeshindwa kesi, tunauliza kwa nini aliyeshinda anatembea.

Isitoshe, sheria haikutuacha mikono mitupu. Tanzania upande wa mashtaka una haki ya kukata rufaa dhidi ya mtu aliyeshinda, na haki hiyo hutumika. Mwaka 2009 Mahakama Kuu iliwakuta hawana hatia aliyekuwa mkuu wa upelelezi Dar es Salaam, Abdallah Zombe, na askari wenzake katika kesi ya mauaji ya wafanyabiashara watatu wa madini na dereva teksi yaliyotokea mwaka 2006. Jamhuri haikuishia kunung'unika. Ilikata rufaa. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ilimtia hatiani afisa mmoja na kumhukumu kifo, na Zombe akashinda kwa mara ya pili. Ukiwa upande wowote wa kesi ile, hivyo ndivyo inavyofanywa: unarudi kwa majaji na hoja, wanamgeuzia hukumu mmoja na kumthibitishia mwingine. Kijiwe hakijawahi kufanya kazi hiyo kwa uangalifu wa namna hiyo, na hakiwezi.

Ziko na njia nyingine. Aliyeumizwa anaweza kufungua kesi ya madai, ambako kipimo cha ushahidi ni chepesi kuliko cha jinai. Mwajiri anaweza kuendesha shauri lake la nidhamu kwa utaratibu wake. Aliyetoa ushahidi wa uongo anaweza kushtakiwa kwa kosa hilo. Kila njia ina sifa moja ambayo uvumi hauna: mtuhumiwa anaitwa, anaambiwa anatuhumiwa nini, anajibu.

Na ni nani hasa anayeumia na sentensi hii? Wanaoitumia hudhani wanampiga kigogo. Kigogo ana wasemaji, ana kipindi cha televisheni, ana wapambe wa kumpokea uwanja wa ndege, na mwaka ukipita anagombea. Anayeumia ni mtunza ghala wa chama cha ushirika aliyesingiziwa magunia ya korosho yaliyouzwa na wakubwa wake. Amesimamishwa kazi, ameuza ng'ombe kumlipa wakili, amepanda kizimbani tarehe baada ya tarehe, akasikia ushahidi ukiporomoka shahidi mmoja baada ya mwingine. Anashinda. Anarudi kijijini na nakala ya hukumu ndani ya bahasha ya kaki. Ile nakala ndiyo mali pekee aliyobaki nayo. Anaipeleka kwa katibu wa chama, naye anaisoma, anaikunja, anamrudishia akisema: "Ndugu yangu, hii inasema hawakuthibitisha." Kazi hapati. Mikopo hapati. Mwanawe anaitwa mtoto wa mwizi. Tajiri anaweza kuishi bila hukumu, kwa kuwa ana vingine vya kumtetea. Maskini hana kitu kingine zaidi ya ile karatasi, na sisi tumemwambia haina thamani.

Fikra hii ina babu yake, na babu huyo hakuwa mtu wa kwetu. Katika kesi ya Kapenguria, mahakama ya kikoloni iliwatia hatiani mwaka 1953 Jomo Kenyatta na wenzake watano kwa kuongoza Mau Mau. Mmoja wao, Achieng Oneko, alikata rufaa akashinda. Mahakama ya wakoloni wenyewe ilisema hana hatia. Hakwenda nyumbani. Serikali ilimweka kizuizini kwa sheria za hali ya hatari mpaka mwaka 1961, kwa sababu mtawala alikuwa na hakika yake binafsi na hukumu ya mahakama haikuibadili. Anayesema "ameshinda lakini sisi tunajua" anazungumza lugha ya gavana. Tofauti ni kwamba gavana alikuwa na kambi za kuwafungia watu, na mtaa una ulimi.

Mila na dini zetu zilikuwa makini kuliko hivyo. Waliosoma chuoni wanakijua kisa cha Nabii Yusuf kama kilivyo katika Kurani. Mfalme alipomwita atoke gerezani, alikataa kutoka mpaka yaulizwe kwanza mambo ya wale wanawake waliojikata mikono, na ilipodhihirika kwamba alisingiziwa ndipo akaondoka. Aliijua tofauti ya kutolewa na kuthibitika ukweli wake, akachagua kusubiri. Kitabu hicho hicho, katika Sura ya Nuru, kinaamuru anayemzulia mwanamke mwema zinaa bila mashahidi wanne apigwe bakora 80 na ushahidi wake usikubaliwe tena. Adhabu inamwangukia aliyesema bila kuthibitisha. Leo tumeipindua: aliyeshindwa kuthibitisha anakwenda zake, na aliyesingiziwa ndiye anayeambiwa hajathibitisha usafi wake. Hata wahenga wasiosoma sheria walituachia onyo kwamba mdhaniwa ndiye kumbe siye. Lakini tunapenda zaidi ile nyingine ya lisemwalo lipo, kwa kuwa haitudai kazi yoyote ya kuchunguza.

Ndiyo maana nasema neno "kusafishwa" liondoke kwenye habari za mahakama. Ukisema mahakama imemsafisha mtu, umeshakubali kwamba alikuwa na uchafu, na umempa mpinzani wako nafasi ya kujibu kwamba hajatakata vizuri. Wanasiasa wanaojitangaza "nimesafishwa" baada ya kufutiwa mashtaka ndio wanaolichakaza zaidi, maana wanadai ushindi wasiokuwa nao, na siku mnyonge anaposhinda kweli hakuna anayemsadiki.

Maneno ya kutosha tunayo. Aliyepewa dhamana yuko nje kwa dhamana. Aliyefutiwa kesi na Mkurugenzi wa Mashtaka amefutiwa mashtaka, na mwandishi aongeze sentensi moja kueleza kama anaweza kushtakiwa tena. Aliyeshinda amekutwa hana hatia. Aliyeshinda rufaa hukumu yake imetenguliwa. Aliyepewa sharti ametiwa hatiani lakini hakufungwa. Aliyesamehewa amesamehewa adhabu. Hakuna hata moja linalohitaji mkalimani, na tangu mwaka 2021 sheria ya Tanzania imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya kutolea haki mahakamani, hivyo mhariri hana tena kisingizio kwamba hukumu ilimchanganya kwa Kiingereza. Kilichobaki ni nidhamu, pamoja na uungwana wa kuipa habari ya kushinda ukubwa uleule na ukurasa uleule iliopewa habari ya kukamatwa.

Kwa mwajiri anayeshika nakala ya hukumu ya mtu aliyeshinda, ushauri wangu ni mfupi: soma mstari wa mwisho, kisha mrudishie kazi yake. Na kwa wenzangu wa kijiweni: anayeamini mahakama imekosea aihimize Jamhuri ikate rufaa. Anayejua shahidi amenunuliwa aende atoe taarifa. Asiye na hoja ya rufaa wala taarifa ya kutoa amebaki na maoni yake, na maoni hayajawahi kumtia mtu hatiani.